Namna ya Kutazama Filamu ya Shatranj Ke Khilari na Kuuelewa Umwinyi Wake

Shatranj Ke Khilari, yaani Wachezaji wa Sataranji (chesi), ni filamu ya mwaka 1977 iliyoongozwa na Satyajit Ray. Inahusu majuma machache ya mwanzo wa mwaka 1856 katika mji wa Lucknow, wakati Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa imegeuka kuwa mtawala wa sehemu kubwa ya India, ilipokuwa ikijiandaa kuunyakua ufalme wa Awadh. Mamwinyi wawili, Mirza Sajjad Ali na Mir Roshan Ali, wanacheza sataranji kutwa nzima, na katika mji uo huo mfalme wao, Wajid Ali Shah, anatakiwa kutia saini karatasi ya kuukabidhi ufalme. Wengi huitazama mara moja, wakawacheka wachezaji hao wawili, kisha wakaondoka na hitimisho kwamba uvivu ndio uliowaponza. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda mbele ya hitimisho hilo, kwa kuwa naamini filamu inauliza swali zito zaidi, nalo ni kwamba uvivu huo ulitoka wapi, na ni nani aliyefaidika nao. Nitaeleza pia mwisho wa hadithi, hivyo anayetaka kuufikia mwenyewe aitazame filamu kwanza, ndipo aje kusoma.

Jiandae kwa historia kidogo

Filamu ina maelezo yake ya kihistoria katika dakika za mwanzo, lakini yanapita kwa kasi, na mtu asiyeijua Awadh hubaki na majina tu kichwani. Mambo machache yanatosha kumweka tayari.

Awadh ilikuwa jimbo la dola ya Wamughal kaskazini mwa India, na watawala wake, walioitwa manawabu, walitokana na Saadat Khan, mwenye cheo cha Burhan-ul-Mulk, aliyekabidhiwa jimbo hilo mwaka 1722. Mwaka 1764 mjukuu wa ukoo huo, Shuja-ud-Daula, alishindwa na jeshi la Kampuni katika vita vya Buxar, na mwaka uliofuata akakubali kulipa fidia ya rupia milioni 5. Tangu hapo Awadh ikawa rafiki wa Kampuni, na urafiki huo ukawa na gharama, kwa sababu manawabu walitakiwa kulipia vikosi vya Kampuni vilivyodaiwa kuwalinda. Gharama zikazidi kupanda mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1801 nawabu Saadat Ali Khan alilazimishwa kukabidhi takriban nusu ya nchi yake na kupunguza sana jeshi lake mwenyewe, naye akaahidiwa kwamba nusu iliyobaki ingekuwa yake na ya warithi wake.

Mkataba huu wa 1801 ndio ningependa mtazamaji aukumbuke kuliko tarehe nyingine yoyote, kwa sababu unaeleza chumba ambamo Mirza na Mir wanakaa. Msimulizi wa filamu anatuambia kwamba mababu zao walikuwa maofisa katika jeshi la Burhan-ul-Mulk, na ardhi inayowalisha ilitolewa kama malipo ya utumishi huo. Kazi ya koo zao ilikuwa vita na uongozi wa majeshi. Jeshi lilipopunguzwa na ulinzi kuachiwa Kampuni, mapato ya ardhi yalibaki, heshima ya ukoo ilibaki, silaha za mababu zilibaki zikitunzwa nyumbani, lakini ile kazi iliyozipa maana ikaondoka. Huwezi kumhukumu kwa haki mtu asiyefanya kazi bila kuuliza kama kazi yake bado ipo. Hilo haliwaondolei lawama wahusika hawa wawili, na nitalirudia suala hilo mbele, lakini anayeanza kutazama akiwa na ufahamu huu ataona filamu tofauti na anayeanza bila huo.

Mwaka 1819 nawabu Ghazi-ud-Din Haidar alijitangaza mfalme kwa kutiwa moyo na Kampuni yenyewe, iliyopenda kuona Awadh ikijitenga na mfalme mkuu wa Wamughal aliyekaa Delhi. Cheo kilipanda huku mamlaka yakishuka. Kisha akaja Lord Dalhousie, Gavana Mkuu kuanzia 1848 hadi 1856, ambaye chini yake Satara, Punjab, Nagpur na Jhansi zilimezwa moja baada ya nyingine. Baadhi ya nchi hizo zilichukuliwa kwa hoja kwamba mtawala alikufa bila mtoto wa kumzaa. Awadh haikuweza kuchukuliwa kwa hoja hiyo kwa kuwa Wajid Ali Shah, aliyetawala tangu 1847, alikuwa na warithi wa kutosha, hivyo ikatafutwa sababu nyingine, nayo ikawa utawala mbaya. William Sleeman, mwakilishi wa Kampuni mjini Lucknow, aliizunguka nchi mwaka 1849 hadi 1850 na kuandika habari nzito za uonevu na ukosefu wa usalama vijijini. Lakini yeye mwenyewe alipinga nchi hiyo kuunganishwa na milki ya Kampuni. Aliyeletwa baada yake, James Outram, ndiye aliyetekeleza amri hiyo, na tangazo lilitolewa tarehe 7 Februari 1856.

Chagua nakala yenye lugha zote

Filamu inazungumza Kiurdu cha Lucknow na Kiingereza. Ray, ambaye lugha yake ilikuwa Kibengali, aliandika mswada kwa Kiingereza, na mazungumzo ya Kiurdu yakatengenezwa na Shama Zaidi na Javed Siddiqi. Tafuta nakala yenye sauti za asili na tafsiri ya maandishi chini ya picha, wala usikubali nakala iliyoingizwa sauti za lugha nyingine, kwa sababu adabu ya usemi ndiyo nusu ya habari. Mir na Mirza hawaachi kuambiana maneno ya heshima hata wanapodanganyana, na mtu asiyejua Kiurdu bado husikia katika sauti zao jinsi ustaarabu huo ulivyo mtamu na jinsi unavyoweza kumkinga mtu asione hatari. Zingatia pia ni nani anayejua lugha ya nani. Outram hajui Kiurdu, na kila anapokutana na mfalme au mama yake mfalme, kuna mtu katikati anayefasiri.

Iwapo utatazama pamoja na wengine, waeleze mapema kwamba filamu inakwenda polepole na kwamba upole huo umekusudiwa. Usiikate vipande kwa siku mbili. Inachukua karibu saa mbili, na hadithi zake mbili, ile ya ubao na ile ya kiti cha enzi, zinategemea kukaa pamoja katika kumbukumbu yako.

Dakika za mwanzo ndizo ufunguo

Filamu inaanza na mikono. Tunaona ubao, kete zinasogezwa, na sauti ya msimulizi, ambayo ni ya Amitabh Bachchan, inatuambia kwa staha tutazame mikono ya majemadari wanaopanga majeshi yao. Ikumbuke mikono hiyo. Kuanzia hapo, filamu nzima inaweza kufuatwa kwa kuangalia mikono inashika nini, na mara nyingi inashika kete, buruma au kishada, na si upanga. Mikono ya Waingereza inashika karatasi.

Baada ya hapo panakuja maelezo ya historia, ambayo sehemu yake imechorwa kwa vibonzo. Msimulizi anataja barua ambayo Dalhousie aliandika kuhusu Awadh, akiifananisha na tunda dogo ambalo siku moja litawaangukia mdomoni, na vibonzo vinaonyesha matunda hayo yakiliwa moja baada ya jingine. Wapo wanaoona sehemu hii haikai vizuri na utulivu wa filamu iliyobaki, nami nakubali kwamba mabadiliko ya mtindo ni ya ghafla. Hata hivyo, naiona kuwa ya lazima, kwa sababu inamweka mtazamaji mahali ambapo wahusika wakuu hawapo: tunaijua nia ya Kampuni kabla hawajaijua. Kuanzia dakika hiyo kila kicheko chetu kina uzito ndani yake.

Tukio la kutazamwa kwa makini kuliko yote katika sehemu ya kwanza ni ziara ya Munshi Nandlal. Anawatembelea mamwinyi, anawapa habari za fununu kwamba Kampuni inataka kuichukua Awadh, na pia anawaeleza jinsi Waingereza wanavyocheza sataranji. Katika mchezo wa Kihindi wa wakati huo, kando ya mfalme anakaa waziri, na askari wa mbele husogea hatua moja tu. Waingereza wamemweka malkia mahali pa waziri, na askari wao anaweza kuruka hatua mbili anapoanza, hivyo mchezo wao unakwisha upesi. Mamwinyi wanasikiliza habari zote mbili, ile ya ufalme na ile ya mchezo, lakini inayowagusa ni ya pili. Andika pembeni kanuni hizo mbili, kwa sababu mwisho wa filamu hauelezeki bila hizo.

Utazame mji kabla ya kuwahukumu watu

Filamu inatuonyesha Lucknow ikijifurahisha, kwa vishada angani, njiwa, mapigano ya majogoo na ya kondoo dume, mashairi, na mfalme mwenyewe akicheza sehemu ya Krishna, mungu wa Wahindu, katika mchezo wa jukwaani aliouandaa. Ni rahisi kuyaona haya yote kuwa orodha ya makosa. Fanya jitihada ya kuyatazama kwa namna ya pili pia. Mfalme ambaye ni Mwislamu wa Shia anacheza nafasi ya Krishna, na katika siku za Muharram tunamwona akipiga ngoma katika maandamano, na hakuna anayeona ajabu. Thumri, aina ya wimbo ambao mfalme huyu aliupenda na kuutunga, na kathak, ngoma ya njuga na hadithi, zilipata malezi makubwa katika ikulu yake, na zote mbili bado ziko hai India hadi leo.

Kwa sababu hiyo, tukio la ngoma ya kathak lisipitwe kama mapumziko. Birju Maharaj aliitengeneza na kuiimba, naye alitokana na ukoo wa walimu wa ngoma waliohudumu katika ikulu ya Lucknow. Anayecheza ni Saswati Sen. Kamera ya Soumendu Roy inatulia na kumwachia mchezaji nafasi. Wajid Ali Shah anatazama kwa macho ya mtu anayejua anachokiona. Mara baada ya ngoma, waziri wake mkuu anaingia na habari za kikosi cha Kampuni kinachoikaribia nchi, machozi yakimtoka, na mfalme anamuuliza kama ni wimbo au shairi lililomliza, kwa sababu kwake hayo ndiyo yanayomtoa mwanamume machozi. Katika swali hilo moja mna ukubwa na udhaifu wa mfalme kwa pamoja, na sitaki kumwamulia mtazamaji ni kipi kinazidi. Nasema tu kwamba Amjad Khan, aliyekuwa amejulikana kote India miaka miwili tu kabla kwa kuigiza jambazi katili, analisema kwa upole unaomfanya mfalme awe mtu kamili.

Kaa na Outram na Weston

Kama utarudia sehemu moja tu ya filamu, rudia mazungumzo ya Outram, anayeigizwa na Richard Attenborough, na msaidizi wake Kapteni Weston, anayeigizwa na Tom Alter. Ni tukio refu la watu wawili chumbani, bila mapigano wala muziki wa kutisha, na wapo wanaoliona kuwa la kuchosha. Mimi nalihesabu kuwa moyo wa filamu.

Outram ana ripoti ya siku ya mfalme mbele yake. Imeandikwa saa kwa saa kwamba ameswali, ametazama vishada, amesikiliza wimbo, amecheza ngoma. Anamuuliza Weston, anayejua Kiurdu na kuyapenda mashairi, kwamba mfalme gani huyu anayeswali mara tano kwa siku na kuvaa njuga miguuni. Weston anajibu kwa uangalifu, kama mtu anayetembea juu ya sakafu isiyoaminika. Anakariri shairi moja fupi la mfalme, kwanza kwa Kiurdu na kisha kwa Kiingereza. Outram haguswi. Anataka kusikia kwamba huyu ni mfalme mbaya, ili jambo analotumwa kulifanya liwe na sura ya haki.

Katika tukio hili jiulize maswali matatu kwa mfululizo. La kwanza ni nani aliyekuwa akiandika mienendo ya mfalme saa kwa saa, na kwa nini mfalme wa nchi rafiki afuatiliwe hivyo. La pili ni kwa nini Outram anahitaji hoja ya tabia, hali anajua kwamba amri imekwisha kutolewa Calcutta, makao ya Gavana Mkuu. La tatu ni kwa nini Weston, anayemwelewa mfalme kuliko Mwingereza mwingine yeyote katika filamu, anaishia kunyamaza. Kujibu la tatu humfikisha mtu kwenye jambo zito, kwamba mtu anaweza kuupenda utamaduni wa watu kwa dhati na bado akashiriki katika kuwanyang'anya nchi yao, kwa sababu cheo chake kinamtaka afanye hivyo.

Usimfanye Outram kuwa shetani. Filamu haifanyi hivyo. Baadaye tunamwona akikiri kwa daktari wake kwamba dhamiri haimtulii, na tatizo lake ni la kisheria kabisa. Ule mkataba wa 1801 unamlinda mfalme, na kuuvunja bila ridhaa yake ni kuvunja ahadi. Ndiyo maana anaihitaji sana saini ya mfalme katika mkataba mpya, ambao ungemwachia cheo chake na posho ya rupia laki 12 kwa mwaka, lakini utawala wote ukabidhiwe Kampuni. Kwa saini hiyo unyang'anyi ungegeuka kuwa makubaliano. Ukiyaelewa haya, utaelewa kwa nini karatasi hiyo ni silaha kubwa kuliko mizinga, na kwa nini kukataa kwa mfalme kutia saini si jambo dogo.

Wasikilize wanawake

Hadithi ya ubao hupotoshwa mara nyingi na wanaowaona Khurshid na Nafisa kuwa vichekesho vya pembeni. Khurshid, mke wa Mirza, anayeigizwa na Shabana Azmi, anajifanya kuumwa kichwa ili mumewe aje chumbani. Anakuja, mwili wake haumtii kwa kuwa akili yake iko ubaoni, naye anarudi haraka kwenye mchezo. Ndipo Khurshid anapoziiba kete, na mamwinyi wanaendelea kucheza kwa mboga na matunda badala ya kete. Nafisa, mke wa Mir, anayeigizwa na Farida Jalal, ana mpenzi ambaye ni mpwa wa mumewe. Siku Mir anaporudi nyumbani ghafla na kumkuta kijana huyo chumbani, wawili hao wanamtungia hadithi kwamba kijana amejificha kwa kuwaogopa wanaoandikisha askari, naye anaiamini, au anachagua kuiamini.

Ninapotazama matukio haya najiuliza kama Mir hajui, au amejifunza kutojua. Ustadi wa Saeed Jaffrey, anayemwigiza Mir, ni kwamba uso wake unaruhusu majibu yote mawili. Na hapa ndipo lawama niliyoiahirisha mwanzoni inaporudi. Historia iliwaondolea wanaume hawa kazi ya mababu zao, lakini haikuwazuia kuwatazama wake zao, kumhurumia rafiki anayekufa (wanakwenda nyumbani kwa mwanasheria mgonjwa kwa sababu wamekumbuka kwamba ana seti ya sataranji), wala kusikiliza habari za nchi yao. Kampuni ilitengeneza nafasi tupu katika maisha yao. Waliijaza wenyewe, nao walikuwa na hiari katika kuijaza. Mtazamaji anayeshika upande mmoja tu wa jambo hili, wowote ule, anaipunguza filamu.

Mwanamke wa tatu ni mama yake mfalme, anayezungumza na Outram akiwa nyuma ya pazia. Msikilize yeye kwanza kabla ya kumtazama Outram. Katika filamu nzima hakuna anayemwambia mwakilishi wa Kampuni kwa uwazi kama wake kwamba jambo hili ni dhuluma, na kwamba yuko tayari kulifikisha kwa Malkia wa Uingereza. Hilo halikuwa tishio la maneno. Mama huyo, Malika Kishwar, alisafiri kweli hadi London baada ya ufalme kunyakuliwa, hakufanikiwa, na akafa Paris mwaka 1858 akiwa njiani kurudi.

Uusome mwisho kwa kuulinganisha na hadithi fupi

Filamu imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa India, Munshi Premchand, iliyochapishwa mwaka 1924. Ushauri wangu ni kuisoma baada ya filamu, si kabla. Ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja, na tofauti zake na filamu zinafundisha zaidi mtu anapokuwa tayari na picha kichwani. Katika hadithi ya Premchand mfalme na Waingereza wako mbali. Ray ndiye aliyeongeza ikulu, Outram, Weston na mjadala wote wa mkataba. Hadithi inakwisha kwa wachezaji wawili kugombana, kuchomoa panga na kuuana, wakifa kwa ajili ya mfalme wa ubaoni baada ya kukataa kutoa tone la damu kwa ajili ya mfalme wa kweli.

Ray aliubadilisha mwisho huo. Katika filamu, mamwinyi wanakimbilia kijiji kilicho ng'ambo ya mto Gomti ili wacheze bila kusumbuliwa. Mvulana wa pale, Kallu, anawaletea mahitaji yao. Wanagombana kwa matusi yanayomgusa mke wa Mir, Mir anafyatua bastola, na risasi inapita kando na kuparuza tu shali ya Mirza. Wakati huohuo jeshi la Kampuni linapita likielekea mjini, na hakuna anayelizuia. Baada ya aibu hiyo wanapatana, wanakaa tena, na kuanza mchezo mpya kwa kanuni za Kiingereza. Waziri anaondolewa mahali pake na malkia anakaribishwa kwa jina la Victoria.

Mjadala mzuri unaweza kujengwa juu ya swali la kwa nini aliwaacha hai. Filamu ilipotoka, baadhi ya wahakiki nchini India walimlaumu Ray kwa kuwa mpole mno kwa Waingereza na kwa kuiweka mbele mizaha ya mamwinyi. Mimi naona mwisho wake ni mkali kuliko ule wa Premchand. Kufa kwa upanga kungewarudishia, hata kwa upumbavu, ile heshima ya mababu wapiganaji. Kuwaacha wakiendelea kucheza kwa kanuni za mshindi kunaonyesha jinsi utawala wa kigeni unavyoingia katika mambo madogo ya siku, na jinsi watu wanavyoweza kuuzoea kabla jua halijazama. Anayepinga ana hoja pia. Anaweza kusema kwamba Premchand, aliyekuwa akiandika mwaka 1924 chini ya utawala huohuo wa Kiingereza, alihitaji mwisho wa kuwaamsha wasomaji wake, ilhali Ray alikuwa akizungumza na taifa lililokuwa huru kwa miaka 30. Wape watazamaji wenzako pande zote mbili na muda wa kutosha.

Ulinganishe mwisho huo na wa mfalme. Wajid Ali Shah, baada ya kuwalaumu mawaziri wake na kujilaumu mwenyewe, anaamuru askari wake wasipigane na silaha ziwekwe chini. Outram anapokuja, anavua taji na kumwelekezea, akimwambia kwamba anaweza kumvulia kichwa lakini hawezi kutia saini. Kumbukumbu za kihistoria zinasema ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa, kwani mfalme alivua kilemba chake na kukiweka mikononi mwa Outram, na mkataba haukutiwa saini. Hakupigana, lakini pia hakuwapa Waingereza kile kitu kimoja walichokitaka kwake. Wamekaa katika filamu moja wanaume watatu wasiopigana, na kutopigana kwao si kwa aina moja.

Baada ya kutazama

Usiuache mwaka 1856 peke yake. Filamu inakomea Februari, lakini matokeo yake yalifika upesi. Askari wengi wa Kihindi waliotumikia jeshi la Kampuni la Bengal walitoka vijiji vya Awadh, na kunyakuliwa kwa nchi yao kulikuwa mojawapo ya sababu zilizowasha uasi mkubwa wa 1857. Lucknow ikawa kitovu cha mapigano, na makazi ya mwakilishi wa Kampuni, ambamo Outram na Weston wa filamu walizungumza habari za mashairi, yalizingirwa kwa miezi. Aliyeongoza uasi mjini humo alikuwa Begum Hazrat Mahal, aliyekuwa mke wa Wajid Ali Shah, akimtawaza mwanawe mdogo Birjis Qadr. Baada ya kushindwa alikimbilia Nepal, na akafa Kathmandu mwaka 1879. Mtu aliyetoka katika filamu akiamini kwamba Awadh yote ilikuwa imelala anapaswa kuyajua haya.

Mfalme mwenyewe alipelekwa Calcutta, akaishi Matiaburj kwa posho ya serikali hadi alipokufa mwaka 1887, akiwa amejizungushia waimbaji, wapishi na wanyama wake, na kuifanya sehemu hiyo kuwa kivuli cha Lucknow. Sikiliza, ukiweza, wimbo wa Babul Mora, unaohusishwa naye kwa mapokeo, wimbo wa bibi harusi anayeiacha nyumba ya baba yake. Kisha itazame filamu kwa mara ya pili, safari hii ukimfuata mtu mmoja tu kila anapotokea. Mimi ningependekeza Weston kwa anayevutiwa na maafisa wa dola, Khurshid kwa anayevutiwa na maisha ya ndani ya nyumba, na kwa yeyote yule, mtoto Kallu, ambaye ndiye pekee anayeuliza waziwazi kwa nini jeshi la wageni linapita na hakuna anayepigana.